Kwa nini uvimbe wa tezi dume hurudi, na hatua za kufuata ili usirudi

Mwanamume huenda hospitali akiwa na maumivu ya msamba na mkojo unaochoma, huandikiwa antibayotiki za siku kumi au kumi na nne, hupata nafuu, na baada ya wiki kadhaa dalili zilezile hurejea. Mara ya pili huongezewa dawa iliyo kali zaidi, mara ya tatu hubadilishiwa dawa, na kufikia hapo huwa ameshaanza kuamini kwamba ugonjwa wake hauna tiba au kwamba kuna jambo baya zaidi asiloambiwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Uvimbe wa tezi dume hurudi hasa kwa njia mbili zisizofanana: ama bakteria hawakuisha ndani ya tezi, ama hawakuwamo tangu mwanzo. Tiba inayomfaa mgonjwa wa kwanza haimfai wa pili, na kwa hiyo kazi inayotangulia, kabla ya kumeza kidonge kingine chochote, ni kujua uko upande gani.

Uvimbe unaozungumziwa hapa ni ule ambao madaktari huuita prostatitisi, yaani tezi au maeneo yanayoizunguka yanapouma na kuchokozeka, wakati mwingine kwa sababu ya vijidudu na mara nyingi bila vijidudu. Usichanganywe na kukua kwa tezi dume kunakowapata wanaume wengi kadiri umri unavyosonga, wala na saratani ya tezi dume. Mtu anaweza kuwa na mawili kati ya hayo kwa wakati mmoja, lakini kila moja lina njia yake ya kuchunguzwa na kutibiwa.

Jua kwanza ni aina ipi

Mgawanyo unaotumiwa na madaktari hadi leo ulitokana na mkutano wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani wa mwaka 1995, nao una aina nne. Ya kwanza ni maambukizi makali ya ghafla ya bakteria, yenye homa, kutetemeka, maumivu makali na mkojo unaotoka kwa shida au kuziba kabisa. Ya pili ni maambukizi sugu ya bakteria. Dalili yake kuu ni maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia, mara nyingi kwa bakteria yuleyule, huku kati ya shambulio moja na jingine mgonjwa akijisikia vizuri au akiwa na usumbufu mdogo tu. Ya tatu ni maumivu sugu ya nyonga yasiyo na bakteria, ambayo hudumu kwa angalau miezi 3 ndani ya kipindi cha miezi 6, yakihamahama kati ya msamba, korodani, ncha ya uume, kinena na kiuno, na kwa wengi yakizidi wakati wa kutoa manii au muda mfupi baadaye. Ya nne haina dalili, hugunduliwa kwa bahati mtu anapopimwa kwa sababu nyingine, na kwa kawaida haihitaji tiba.

Zaidi ya asilimia 90 ya wanaume wenye dalili za prostatitisi wamo katika aina ya tatu. Hata hivyo, wengi wao hupewa antibayotiki tena na tena kana kwamba wana aina ya pili, na hapo ndipo mzunguko wa kurudi unapoanzia. Silaumu dawa hizo kwa zenyewe. Ninachosema ni kwamba zinapigana na adui ambaye kwa wagonjwa wengi hayupo.

Kabla ya kurudi kwa daktari, kusanya majibu yote ya maabara uliyowahi kupewa na uyapange kwa tarehe. Tafuta kitu kimoja tu: je, kipimo cha kuotesha mkojo kimewahi kuonyesha bakteria, na kama ndiyo, ni bakteria gani kila mara? Ukikuta jina lilelile limejirudia, kwa mfano *E. coli*, ambaye ndiye anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi haya, kuna uwezekano mkubwa kwamba amejificha ndani ya tezi na hutoka upya dawa zinapokwisha. Ukikuta majina tofauti, bakteria wapya huenda wanaingia kila mara, na swali linakuwa wanapitia wapi. Ukikuta kwamba umetibiwa mara tatu au nne na hakuna hata mara moja mkojo ulipooteshwa, au ulioteshwa ukawa safi kila mara, basi una sababu nzuri ya kumuuliza daktari kuhusu aina ya tatu.

Kipimo kinachofaa kuombwa

Mkojo wa kawaida pekee hautoshi, kwa sababu bakteria waliojificha ndani ya tezi wanaweza wasionekane kwenye mkojo unaotoka kibofuni. Mwaka 1968 madaktari Meares na Stamey walieleza njia ya kulinganisha sampuli nne zinazochukuliwa kwa mfuatano, na baadaye njia hiyo ikafupishwa kuwa sampuli mbili ambazo zahanati nyingi zinaweza kuzimudu. Mgonjwa anakuja akiwa na mkojo wa kutosha, anasafisha ncha ya uume, anaacha mkojo wa mwanzo upite, kisha anakinga wa katikati katika chupa ya kwanza bila kumaliza mkojo wote. Daktari anaingiza kidole chenye glavu na mafuta kwenye njia ya haja kubwa na kuikanda tezi kwa muda wa kama dakika moja, kutoka pembeni kuelekea katikati, ili majimaji yake yasukumwe hadi kwenye mrija wa mkojo. Mara tu baada ya hapo mgonjwa anakojoa tena, na zile mililita 10 za mwanzo ndizo zinazokingwa katika chupa ya pili. Chupa ya kwanza ikiwa safi na ya pili ikaotesha bakteria, au bakteria wa ya pili wakazidi wale wa ya kwanza mara kumi au zaidi, tezi ndiyo chanzo. Zote mbili zikiwa safi, hakuna ushahidi wa bakteria, hata kama chembe nyeupe za damu zimeonekana.

Kipimo hiki hakina maana kikifanywa ukiwa katikati ya dozi ya antibayotiki, hivyo mwambie daktari siku uliyomeza kidonge cha mwisho. Na tezi haikandwi kamwe kwa mgonjwa mwenye homa na maambukizi makali ya ghafla, kwa kuwa kuikanda kunaweza kusukuma bakteria waingie kwenye damu.

Kama umewahi kufanya ngono bila kinga na mtu ambaye hali yake huijui, omba pia vipimo vya klamidia na kisonono, kwa sababu vijidudu hivyo haviotei katika kipimo cha kawaida cha mkojo. Vikipatikana, mwenzi wako atibiwe wakati uleule na msikutane bila kinga hadi wote wawili mmalize tiba. Hii ni sababu ya kurudi ambayo haihitaji maelezo marefu, lakini hupuuzwa kwa sababu ya aibu.

Kwa nini bakteria hubaki ndani ya tezi

Tezi dume ya kijana mzima ina uzito wa kama gramu 20 na ipo chini kabisa ya kibofu, ikiuzunguka mrija wa mkojo. Ndani yake kuna vijitezi vingi vinavyotoa majimaji ya manii kupitia vijia vyembamba. Sehemu ya nje, ambayo ni karibu asilimia 70 ya vijitezi hivyo, humwaga majimaji yake kupitia vijia vinavyolala karibu usawa kuelekea mrijani, kwa hiyo mkojo unaposhinikizwa unaweza kurudi nyuma na kuingia humo pamoja na bakteria wake, na ukishaingia si rahisi utoke wote.

Dawa nazo hazifiki humo kwa urahisi. Ukuta wa vijitezi huruhusu hasa dawa zinazoyeyuka kwenye mafuta na zisizoshikamana sana na protini za damu. Amoksilini na nyingine za ukoo wake hupenya vizuri wakati wa uvimbe mkali, kwa sababu wakati huo ukuta wenyewe umelegea, lakini katika hali sugu ukuta umeshajifunga tena na dawa hizo hubaki nje. Nitrofurantoini, inayosaidia sana katika maambukizi ya kibofu, haifikii kiwango cha kutosha ndani ya tezi. Mgonjwa aliyetibiwa kwa dawa ya aina hiyo atapona kibofu, mkojo utakuwa safi, atajiona mzima, na tezi itabaki na bakteria wake wanaosubiri. Dawa zinazopenya vizuri zaidi ni zile za kundi la fluorokwinoloni, kama siprofloksasini na levofloksasini, na kwa kiasi fulani kotrimoksazoli.

Kuna na ujanja wa bakteria wenyewe. Wakikaa muda mrefu hujitengenezea utando wa kunata kwenye kuta za vijia, kama ule ute unaoota ndani ya tangi la maji, na walio chini ya utando huo huvumilia dawa ambayo ingewaua wakiwa wanaelea peke yao. Vijiwe vidogo vinavyoota ndani ya tezi, ambavyo huonekana kwenye picha ya ultrasaundi kwa wanaume wengi wasio na ugonjwa wowote, vinaweza nao kuwa maskani. Kuwa na vijiwe peke yake si ugonjwa. Vinakuwa na uzito pale tu bakteria yuleyule anaporudi baada ya tiba iliyokamilika.

Sababu ya mwisho katika kundi hili ni mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa, ama kwa sababu tezi imekua, ama mrija umesinyaa kutokana na kovu la zamani, ama mgonjwa amewekewa mpira wa mkojo. Kipimo cha ultrasaundi kinachofanywa mara tu baada ya kukojoa huonyesha ni kiasi gani kimebaki. Pasipoondolewa kizuizi hicho, dawa itafanya kazi ya muda tu. Kisukari kisichodhibitiwa na kinga ya mwili iliyopungua huongeza hatari hiyo, na kuvitibu ni sehemu ya kuitibu tezi.

Ikithibitika kuna bakteria

Tiba ya maambukizi sugu huchukua wiki 4 hadi 6, na wakati mwingine hadi 12, kwa dawa iliyochaguliwa kutokana na majibu ya maabara. Siku kumi hazitoshi. Dalili hupungua mapema, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, na huo ndio wakati ambao wengi huacha vidonge au kuvibakiza kwa ajili ya shambulio lijalo. Bakteria waliobaki huenda wakawa wale waliozoea dawa, na dawa hiyohiyo isiwaweze tena. Ukishindwa kuendelea kwa sababu ya madhara au gharama, mwambie daktari akubadilishie. Usipunguze dozi kwa siri.

Fluorokwinoloni zina madhara yanayostahili kujulikana kabla ya kuzitumia kwa wiki nyingi. Zinaweza kuumiza kano, hasa ile ya nyuma ya kisigino, na kuharibu mishipa ya fahamu. Ukisikia maumivu mapya ya kisigino au bega, ganzi, au miguu kuwaka moto, acha dawa na umwone daktari siku hiyohiyo. Ndiyo maana ninasisitiza kipimo kwanza: si haki mtu abebe hatari hiyo kwa ajili ya bakteria ambao hakuna aliyewahi kuwaona.

Baada ya dozi kwisha, rudia kipimo cha sampuli mbili hata kama hujisikii chochote. Bakteria yuleyule akirudi licha ya tiba sahihi, daktari anaweza kurefusha muda, kubadili dawa, au kukuweka kwenye dozi ndogo ya kila siku ya kuwadhibiti. Kwa wachache wenye kizuizi au vijiwe vilivyoambukizwa, upasuaji hujadiliwa.

Ikithibitika hakuna bakteria

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu huona kama wameambiwa hawaumwi. Maumivu yao ni ya kweli. Chanzo chake mara nyingi ni misuli inayoshikilia kibofu na utumbo kwa chini, iitwayo misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo imekaza kwa muda mrefu, pamoja na mishipa ya fahamu iliyozoea kutuma taarifa za maumivu hata baada ya kilichoianzisha kwisha. Wengine walianza na maambukizi halisi yaliyopona. Mwili ukabaki na tabia ya kujikunja na kujilinda.

Lakini kama hakuna bakteria, kwa nini antibayotiki zilileta nafuu? Maumivu haya hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huenda hospitali siku yanapokuwa juu kabisa, na yanaposhuka, kama ambavyo yangeshuka bila dawa, sifa huiendea dawa. Zaidi ya hayo, baadhi ya antibayotiki hutuliza uvimbe kidogo hata pasipo na bakteria. Mwaka 2004 matokeo ya jaribio lililofanywa Amerika Kaskazini yalionyesha kwamba kwa wanaume waliokuwa na maumivu haya kwa muda mrefu, wiki 6 za siprofloksasini, au tamsulosini (dawa ya kulegeza shingo ya kibofu), au zote mbili pamoja, hazikuzidi kidonge kisicho na dawa kwa tofauti ya maana. Madaktari wengi bado hukubali dozi moja ya majaribio kwa mgonjwa mpya, na hilo lina mantiki. Dozi ya pili na ya tatu kwa mkojo ulio safi haina.

Badala ya dawa moja kwa wote, tangu mwaka 2009 wataalamu wamekuwa wakitumia mpango uitwao UPOINT, unaomchunguza mgonjwa katika maeneo sita: mkojo, hali ya nafsi, tezi yenyewe, maambukizi, mishipa ya fahamu, na maumivu ya misuli. Kila eneo lenye tatizo hupewa tiba yake. Mwenye mkojo wa shida anaweza kupewa dawa ya kulegeza shingo ya kibofu. Mwenye misuli inayouma ikiguswa hupelekwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Mwenye wasiwasi au huzuni husaidiwa kwa hilo, kwa kuwa msongo wa mawazo hukaza misuli ileile.

Zoezi la kulegeza unaweza kulianza mwenyewe. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae kitandani, weka mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi polepole kwa pua hadi mkono unyanyuke, na wakati pumzi inaingia uachie msamba ushuke, kwa namna ile unavyouachia mkojo uanze kutoka, bila kusukuma. Toa pumzi kwa mdomo taratibu na usikaze chochote. Endelea kwa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Mwanzoni hutahisi msamba ukishuka; wengi huanza kuuhisi baada ya siku nyingi za kurudia. Usilichanganye na yale mazoezi ya kubana misuli ya mkojo yanayosifiwa sana: kwa misuli ambayo tayari imekaza, kubana zaidi huongeza maumivu.

Wakati wa mchana jichunguze: je, unapokaa unabana makalio au tumbo? Je, unakojoa kwa haraka na kusukuma? Je, una choo kigumu kinachokulazimu kukamua? Kila moja ya hizo huirudisha misuli ilikotoka. Simama na kutembea kidogo kila baada ya nusu saa ya kukaa, punguza kuendesha baiskeli maumivu yanapopanda, na kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15 jioni. Kutembea kwa kasi mara kadhaa kwa wiki kumeonekana kupunguza maumivu katika utafiti. Pombe, kahawa na pilipili huwasumbua baadhi ya wagonjwa na wengine haziwafanyi kitu. Acha kimoja kwa wiki mbili, kirudishe, uone mwili wako unasemaje, badala ya kujinyima vyote milele. Kujamiiana hakukatazwi.

Pima maendeleo kwa namba. Hojaji iliyotungwa na taasisi zilezile za Marekani hutoa alama kuanzia 0 hadi 43 kwa maumivu, mkojo na ubora wa maisha. Muombe daktari akupe, uijaze mara moja kwa mwezi. Kushuka kwa alama 6 huhesabiwa kuwa nafuu ya kweli. Bila hivyo, siku moja mbaya hufuta kumbukumbu ya wiki tatu nzuri, na mtu huacha njia iliyokuwa inamsaidia.

Usisubiri katika hali hizi

Homa pamoja na kutetemeka, mkojo kuziba kabisa, au kuchanganyikiwa ukiwa na maumivu ya nyonga ni dharura: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Damu kwenye mkojo, kupungua uzito bila sababu, au maumivu ya mifupa yanahitaji uchunguzi wa haraka wa mambo mengine, na yasihesabiwe kuwa ni tezi ileile imerudi. Usitumie pesa kwa dawa zinazoahidi kusafisha tezi kwa siku chache. Hakuna dawa ya namna hiyo, na baadhi huchelewesha kugunduliwa kwa tatizo lililopo.

Ukipimwa PSA, yaani protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu ili kuchunguza saratani, wakati wa maambukizi, kiwango kinaweza kupanda sana na kuogofya bila kuwapo saratani. Omba kipimo hicho kirudiwe wiki 6 hadi 8 baada ya kumaliza tiba, kabla ya uamuzi wowote wa kuchukua kinyama cha tezi, kwa sababu kuchoma sindano kwenye tezi iliyoambukizwa kunaweza kuanzisha maambukizi mapya.